Baiskeli Nyepesi ya Umeme: Itunze Ikutunze

Ukisikia baiskeli ya umeme huenda ukafikiria pikipiki ndogo. Sivyo. Baiskeli ya umeme ya milimani husaidia pale tu unapokanyaga. Mota iliyo katikati ya pedali huhisi nguvu ya miguu yako, kisha huongeza ya kwake. Ukiacha kukanyaga, nayo huacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria hutaka msaada huo ukome mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa.

Nyingi za baiskeli hizi ni nzito, kilo 22 na zaidi. Mwaka 2020 kampuni ya Specialized ya Marekani ilitoa Turbo Levo SL, na iliyo nyepesi kabisa kati yake ilikuwa na kilo 17 hivi. Tofauti hiyo ni kama dumu la lita tano lililojaa maji. Mwanamke anayepandisha baiskeli yake ngazini, au kuivusha penye mawe, ataiona faida mara moja.

Lakini wepesi huo una bei yake. Mota ya toleo hilo la 2020 ni ndogo, hutoa wati 240 tu inapojitahidi kabisa. Betri yake ni ya wati-saa 320, wakati Turbo Levo nzito ya wakati huo iliweza kuwa na 700. Kwa hiyo kwenye mlima mkali utatoka jasho. Ipo betri ya ziada yenye umbo la chupa, ya wati-saa 160, kwa safari ndefu. Kwa kuwa baiskeli hii hugharimu maelfu ya dola, ni vema mume na mke wakae pamoja kwanza, waulizane: nani ataiendesha, wapi, na fundi anayeijua yuko umbali gani?

Betri, moyo wa baiskeli

Kuijaza betri hii hakuchukui hata nusu uniti ya umeme. Hofu si gharama, ni usalama. Betri imefichwa ndani ya fremu, na kuitoa ni lazima mota ifunguliwe. Kwa hiyo baiskeli nzima ndiyo hupelekwa kwenye soketi. Usiiweke mlangoni wala kwenye korido ambayo familia huitegemea kutokea nje. Tumia chaja yake mwenyewe, wala usiazime nyingine kwa sababu tundu limelingana. Chaji mchana mkiwa macho, si usiku mkiwa mmelala, na usiifunike chaja kwa nguo.

Ukiona betri inapata joto lisilo la kawaida, au ukisikia harufu ngeni, chomoa chaja na usiichaji tena mpaka fundi aione. Moshi ukitokea, toeni watoto nje kwanza, kisha iteni zimamoto. Baiskeli hununuliwa tena, mtoto hapana.

Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, usiiache betri tupu wala imejaa kabisa. Ibaki nusu hivi, mahali pakavu penye kivuli, nawe uichungulie kila mwezi.

Cheni, breki na maji

Cheni ya baiskeli hii hubeba nguvu ya miguu na ya mota pia, hivyo huchakaa upesi. Baada ya safari ya vumbi au tope, ipanguse kwa kitambaa, tia mafuta ya cheni kidogo, kisha futa yanayobaki nje. Mwombe fundi aipime mara kwa mara. Cheni iliyolegea hula meno ya gia, na gia ni ghali kuliko cheni.

Mafuta hayo yasiguse diski za breki hata tone, kwani breki zitashindwa kushika. Chungulia pedi za breki kabla ya kuteremka mlima, wala usingoje mpaka chuma kisage chuma.

Unapoiosha, zima mota na funga vizuri kifuniko cha tundu la chaji. Tumia ndoo, sabuni laini na brashi. Maji ya kusukumwa kwa mashine hupenya kwenye beringi na kuondoa grisi. Iache ikauke kabla ya kuichaji.

Weka daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe uliyobadilisha cheni na pedi, upepo wa tairi unaokufaa, na siku fundi alipokaza bolti. Siku ukitaka kuiuza, daftari hilo litakusemea. Watoto nao wafundishwe kupanguza cheni na kujaza upepo, ili baiskeli ya mama isiwe mzigo wa mama peke yake.