Si chuma, ni nira

Kila Nane Nane pale Nzuguni swali ni lilelile, na wanaoliuliza wanatoka Chamwino, Bahi, Kongwa, hata Kondoa: "Shikamoo daktari. Punda wangu mkaidi, nimtie chuma gani mdomoni?" Wengine huja na kipande cha waya kilichokwisha kukunjwa, wanataka nikipitishe tu. Sikipitishi. Punda wa mkokoteni hahitaji chuma chochote mdomoni.

Mfungue mdomo utazame. Kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo lisilo na jino, na lijamu hukaa hapo. Ufizi wa hapo ni mwembamba, chini yake mfupa, kama muundi wa mguu wako. Waya ukivutwa unachana ufizi na kuuchubua mfupa. Punda anaacha kutafuna vizuri, anakonda, na mwenyewe anakimbilia kununua dawa ya minyoo.

Na huo ukaidi haupo. Farasi akiogopa hutimua mbio. Punda, ambaye asili yake ni nchi kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, akiogopa au akiumia husimama kwanza. Ukimwongezea maumivu umemwongezea sababu ya kusimama.

Hapo wabishi hunitajia farasi wa mashindano. Haya, twende huko. Katika mchezo wa kupima utii na mwendo wa farasi, ulioingia Olimpiki mwaka 1912, shirikisho la kimataifa, FEI, lina kanuni za lijamu. Chuma cha mdomoni lazima kiwe laini. Waya na chuma kilichosokotwa havikubaliki. Hata lijamu ya kukaza, yenye mikono pembeni, chuma chake hakipungui unene wa milimita 12, na mkono wa chini hauzidi sentimita 10. Huyo ni farasi aliyefundishwa kwa miaka, na anayemshika ni mtu aliyejifunza kutomvuta. Wewe unataka waya kwa ajili ya safari ya kisimani?

Kinachomsimamisha punda wako ni nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, nira hukaa mbele yake naye akaisukuma. Punda hana nundu. Nguvu zake ziko kifuani. Nira inamkandamiza shingo na kamba yake inamkaba koo. Ivue jioni utazame: manyoya yamenyonyoka, ngozi mbichi, nzi wamejaa. Ndiye huyo unayemwita mkaidi.

Basi toa nira. Mvalishe mkanda wa kifua, upana wa vidole vinne au zaidi, wa turubai nene au mikanda ya viti vya magari mabovu. Ukae chini ya koo na juu ya maungio ya bega. Tandiko liwe na pedi mbili, uti wa mgongo ubaki wazi. Mzigo uwe sawa juu ya ekseli. Kichwani hatamu ya kamba laini yatosha. Akibeba mgongoni, madumu mawili ya lita 20, si manne. Mwenye kidonda apumzike hadi apone. Mwenye jino bovu aonwe na ofisa mifugo wa kata.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda punda kama mnyama mwingine yeyote, na kumtesa ni kosa. Waya mdomoni ni mateso.