Iringa ya Kwanza Iko Kalenga

Huu ni mwaka wangu wa pili kupanga chumba hapa Mlandege, na nikiulizwa nasoma wapi najibu tu "Iringa". Juzi Jumamosi ndo nikaelewa uzito wa jina hilo. Limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome yenyewe haiko mjini. Iko Kalenga, kama kilomita 15 kutoka hapa.

Tulienda watatu. Mwenzetu mmoja alitegemea kuta ndefu kama za Kilwa Kisiwani. Alichokuta ni mabaki ya ukuta, vipande vipande, kijijini kati ya nyumba na mashamba. Akauliza, "Ndo hii tu?"

Ndo hii tu, na sababu ipo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa liliwapiga Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Walikata kichwa chake. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha boma jipya kilimani, jina wakaliacha lilelile. Huo ndio mji tunaopanga vyumba. Yaani sisi tuko Iringa ya pili.

Tukiwa tunazunguka kutafuta ukuta, bibi mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akatuuliza, "Wajukuu, mnatafuta nini?"

"Shikamoo bibi. Tunatafuta ngome."

"Marahaba. Mbona mmeshaingia? Hapa mlipo ni ndani."

Tulikuwa tumepita uani kwake na simu mkononi, tunapiga picha, bila hodi. Aibu tuliyoipata, we acha tu.

Kwa hiyo mkienda, anzeni makumbusho, lipeni kiingilio, mwombeni mhifadhi awaelekeze. Msalimieni kila mtu, "Kamwene" inatosha. Picha ya ua wa mtu, ombeni kwanza. Ukuta ulibomolewa kwa mizinga, lakini watu bado wanaishi humo. Ngome ni nyumbani kwao, na nyumbani kwa watu hupigwa hodi.