Kuti la Petén hulipwa kwa ubora

Majani ya kijani yanayozunguka waridi katika mashada ya maua ya Marekani na Ulaya mara nyingi hutoka Petén, kaskazini mwa Guatemala. Wenyeji huyaita xate. Ni makuti ya mimea midogo ya Chamaedorea, ndugu wa mnazi na mtende, inayoishi kwenye kivuli cha miti mirefu ya msitu wa mvua. Kuti likishakatwa hukaa wiki kadhaa bila kunyauka, na ndiyo sababu wauza maua wanalipenda.

Kwa miaka mingi mchumaji alilipwa kwa idadi. Alikata kila alichokiona, kisha ghalani, ambako wanawake hupanga madaraja, sehemu kubwa ikatupwa: kuti lenye madoa, lililotobolewa na wadudu, fupi mno. Msitu ulilipia upotevu huo. Aina inayouzwa zaidi ina shina moja lenye kilele kimoja. Kilele kikikatwa, mmea umekufa. Makuti yalipopungua, baadhi ya wachumaji walivuka mpaka na kukata bila kibali katika msitu wa Chiquibul, Belize.

Uaxactún, kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Maya iliyoanzishwa 1990, kilibadili utaratibu: chama cha wanakijiji kikaanza kulipia makuti safi tu. Sasa mchumaji anachagua, anakata machache kwa kila mmea, na kuacha mengine yakue. Mwaka 2005, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Minnesota, makanisa ya Marekani yalianza kuagiza makuti yaliyovunwa kwa uangalifu kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, yakilipa nyongeza inayorudi vijijini.

Kupanda kunawezekana, ila kunadai subira. Mbegu huota baada ya miezi, na kwa kuwa dume na jike ni mimea tofauti, anayetaka mbegu zake lazima awe nayo yote miwili. Jua kali hugeuza kuti kuwa njano, na la njano halina mnunuzi. Mavuno ya kwanza huja baada ya miaka, kwa hiyo mkopo wa kulipwa msimu mmoja haumfai mkulima huyu. Naona mwenye nafasi nzuri zaidi ni yule anayepanda chini ya msitu uliosimama: kivuli anakipata bure, na ana sababu ya fedha ya kutoufyeka kwa malisho ya ng'ombe.