Tairi la Gari la Kasi: Mtaka Yote Hukosa Yote

Gari la kasi husifiwa kwa injini yake, umbo lake na mlio wake. Ni nadra kumsikia mtu akilisifu kwa matairi yake. Hata hivyo, nguvu zote za injini, kazi yote ya breki na kila agizo la usukani hazina njia ya kufika barabarani isipokuwa kupitia vipande vinne vya mpira vinavyoigusa lami. Vipande hivyo vikishindwa kushika, injini yenye nguvu za farasi 300 haimfai dereva kitu.

Ukubwa wa vipande hivyo waweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chukua gari la kilo 1,200 ambalo uzito wake umegawanyika sawasawa. Kila gurudumu hubeba kilo 300, yaani uzito wa nyutoni 3,000 hivi. Ikiwa kanieneo ya hewa iliyomo tairini inaizidi ile ya nje kwa paskali 200,000, basi eneo linalohitajika kuubeba mzigo huo ni 3,000 ikigawanywa kwa 200,000: mita za mraba 0.015, au sentimita za mraba 150. Hilo ni eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne ndivyo vinavyolishikilia gari zima na wote waliomo ndani yake.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa tairi la gari la kasi si suala la urembo. Ni suala la fizikia na kemia, na zaidi ya hayo ni suala la uhai.

Kwa nini mpira hushika

Wanafunzi hufundishwa kanuni mbili za msuguano zilizotolewa na Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699. Ya kwanza husema kwamba kani ya msuguano hulingana na mzigo unaovigandamiza vitu viwili pamoja. Ya pili husema kwamba kani hiyo haitegemei ukubwa wa eneo vinapogusana. Kanuni hizo zatosha kwa ubao juu ya ubao au chuma juu ya chuma. Lau zingekuwa kweli kamili kwa mpira, kusingekuwa na faida ya kulivisha gari matairi mapana, kwani jembamba lingeshika sawa na pana. Lakini mpira hauzitii kanuni hizo kikamilifu.

Mpira hushika kwa njia mbili. Kwanza, molekuli zake hunata kwenye uso wa barabara kwa muda mfupi mno, kisha huvutwa na kubanduka. Pili, mpira laini huingia katikati ya vijiwe vya lami. Hubonyea unapokutana na kijiwe, na hujaribu kulirudia umbo lake unapokipita. Lau ungeirudisha nishati yote iliyotumika kuubonyeza, kama springi njema ifanyavyo, msuguano wa namna hii ya pili usingekuwapo. Lakini mpira wa tairi hurudi kwa uvivu, na sehemu ya nishati hugeuka kuwa joto. Nishati hiyo inayopotea ndiyo inayolizuia gari lisiteleze.

Hapa ndipo mashaka ya mnunuzi yanapoanzia. Mpira laini na mvivu hushika vizuri, lakini hupata joto upesi, huisha upesi, na aghalabu hulifanya gari litumie petroli zaidi. Mpira mgumu hudumu kwa maelfu mengi ya kilomita, lakini hushika kidogo. Wanakemia wamejitahidi kuupunguza mgongano huo. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Baadaye yaliongezwa masizi, ambayo huuimarisha mpira na ndiyo yanayoupa tairi weusi wake. Tangu miaka ya 1990 imeongezwa pia silika, ambayo husaidia tairi kushika kwenye lami iliyolowa bila kupoteza nishati nyingi linapobingirika. Mgongano umepungua, haujaisha.

Hesabu ya breki na ya kona

Kani ya msuguano ikigawanywa kwa mzigo hupatikana uwiano wa msuguano. Na ichukuliwe kwamba tairi zuri la gari la kasi lina uwiano wa 1.0 kwenye lami kavu, na tairi la kawaida 0.8. Ichukuliwe pia kwamba tairi lililochakaa lina 0.4 kwenye lami iliyolowa. Umbali wa kusimama hupatikana kwa kuchukua mraba wa mwendo na kuugawanya kwa mara mbili ya uwiano huo ikizidishwa kwa 9.8.

Kwa gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde, majibu ni mita 39, mita 49 na mita 98. Tofauti ya mita 10 kati ya jibu la kwanza na la pili huweza kuonekana ndogo. Lakini mwanafunzi na ajiulize: pale gari la kwanza liliposimama, la pili linapita kwa mwendo gani? Hesabu hiyohiyo hujibu kwamba bado linakwenda kilomita 45 kwa saa. Gari la tatu hupita hapo likiwa na mwendo wa kilomita 77 kwa saa. Mtoto aliyesimama mahali hapo ataokolewa na gari la kwanza peke yake.

Kona nayo ina sheria yake. Mwendo wa juu kabisa ambao gari laweza kuupita nao kona ni kipeuo cha pili cha uwiano wa msuguano ukizidishwa kwa 9.8 na kwa nusu kipenyo cha kona. Kwa kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, mwendo huo ni kilomita 80 kwa saa kwa tairi la kwanza, 71 kwa la pili na 50 kwa la tatu. Dereva aizidipo hesabu hiyo huondoka barabarani, hata kama injini yake ni ya bei gani.

Upana, ubavu na maji

Kanieneo ya hewa isipobadilika, tairi pana haligusi eneo kubwa sana kuliko jembamba. Kinachobadilika zaidi ni umbo: kiganja huwa kipana na kifupi badala ya kuwa chembamba na kirefu. Umbo hilo hulifanya gari liuitikie usukani upesi. Aidha, uwiano wa msuguano wa mpira hupungua kadiri mgandamizo unavyoongezeka. Kwa hiyo tairi linalousambaza mzigo juu ya eneo kubwa zaidi hufaidika, kinyume cha kanuni ya pili ya Amontons.

Ubavu mfupi huongeza wepesi wa usukani, kwani haupindi sana kwenye kona. Lakini ubavu ndio unaolipokea pigo la shimo. Tairi lenye upana wa milimita 195 na ubavu wa asilimia 65 lina kimo cha milimita 127 kati ya rimu na barabara. Tairi lenye upana wa milimita 225 na ubavu wa asilimia 35 lina milimita 79 tu. Kwenye barabara yenye mashimo, milimita hizo 48 zilizopungua hulipwa kwa rimu zilizopinda na matairi yaliyopasuka.

Maji huja na hukumu yake. Tairi lisipowahi kuyasukuma maji kando, hupanda juu yake na kuelea kama ngalawa, na usukani na breki hukosa kazi. Mwaka 1963 watafiti wa NASA ya Marekani, waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege kwenye viwanja vilivyojaa maji, walionyesha kwamba mwendo wa kuelea huenda sambamba na kipeuo cha pili cha kanieneo ya hewa tairini. Kwa makadirio yao, tairi lenye paskali 200,000 huelea kwenye maji ya kina cha kutosha kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Hewa ikipungua hadi paskali 150,000, mwendo huo hushuka hadi 78. Mifereji ya tairi huyapa maji njia ya kutoroka, na kwa hiyo tairi kipara ni hatari zaidi siku ya mvua. Sheria za nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali mifereji ya gari dogo iwe na kina kisichofika milimita 1.6. Tairi pana, ambalo ni fahari ya gari la kasi, lina maji mengi zaidi ya kusukuma, na huhitaji mifereji mizuri zaidi.

Maandishi ya ubavuni

Mengi ya haya yameandikwa kwenye ubavu wa tairi. Chukua maandishi 225/45 R 17 91 W. Upana ni milimita 225. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana. R huonyesha kwamba nyuzi za tairi zimepangwa kutoka ukingo hadi ukingo, mpango uliopata hataza ya Michelin mwaka 1946. Rimu ni ya inchi 17. Namba 91 humaanisha kwamba tairi laweza kubeba kilo 615. Herufi ya mwisho hutaja mwendo wa juu kabisa: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300.

Herufi hiyo ni kipimo cha ustahimilivu wa joto. Kila mzunguko tairi hubonyea na kunyooka, na kila mara joto huzaliwa ndani yake. Mwendo ukizidi, joto huzaliwa upesi kuliko linavyotoka, na tairi hupasuka. Tairi lenye hewa pungufu hubonyea zaidi, kwa hiyo hufika kwenye hatari hiyo mapema.

Mnunuzi asiache kutazama pia namba nne zinazofunga maandishi yaanzayo na DOT. Namba 2319 husema kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Tairi kuukuu laweza kuwa na mifereji mirefu na sura ya kupendeza, hali mpira wake umekwisha kukakamaa.

Funzo la Indianapolis

Mwaka 2005 mashindano ya magari ya Fomula 1 yalikuwa na mbio 19. Magari yaliyovaa matairi ya Michelin yalishinda 18 kati ya hizo. Kwa kipimo chochote, hayo yalikuwa matairi bora ya mwaka ule. Mbio moja waliyoikosa iliendeshwa tarehe 19 Juni, Indianapolis, Marekani.

Njia ya mbio hizo ilikuwa na kona moja, ya 13, iliyoinamishwa kuelekea ndani na kupitwa kwa kasi kubwa. Mwinamo huo huligandamiza gari chini na kuuongezea ubavu wa tairi mzigo ambao kona za viwanja vingine haziutoi. Siku mbili kabla ya mbio, tairi la gari la Ralf Schumacher liliharibika kwenye kona hiyo, naye akagonga ukuta. Michelin wenyewe walitamka kwamba matairi waliyoyaleta si salama mahali hapo ikiwa mwendo hautapunguzwa. Mapatano hayakupatikana. Siku ya mbio, magari 14 ya Michelin yalizunguka mara moja kabla ya kuanza, kisha yakaingia vituoni mwao na kukaa. Sita tu yalishindana.

Watu walikasirika sana. Lakini mwanasayansi hulitazama tukio hilo kwa jicho jingine: matairi yaleyale yaliyokuwa bora mahali pengine pote hayakufaa kwa kona moja. Hakuna tairi bora pasipo kutajwa barabara.

Kuchagua

Ukweli huo waonekana pia katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo magari ya mbio za nyika huvaa rimu za inchi 15 na matairi membamba yenye ubavu mrefu yanapokimbia kwenye mawe na changarawe. Magari hayohayo huvaa rimu za inchi 18 na matairi mapana yanapokimbia kwenye lami. Madereva hodari kabisa duniani hubadili tairi kwa kufuata ardhi.

Kwa hiyo mwenye gari la kasi na aanze kwa kuichunguza njia yake, si kwa kuitazama picha ya tangazo. Je, njia ni lami laini au ina mashimo? Mvua hunyesha miezi mingapi? Tairi laini la mashindano, lisilo na mifereji, halifai barabara ya watu wote hata kidogo. Herufi ya mwendo na namba ya mzigo zisipungue zile alizoagiza mtengenezaji wa gari. Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya aina moja na yamechakaa kwa kiasi kimoja. Hewa ipimwe yakiwa baridi.

Jaribio kwa shule

Kipande cha tyubu kuukuu kigundishwe chini ya kibao, nacho kivutwe polepole juu ya sakafu ya saruji kwa mizani ya springi. Mzigo juu ya kibao uongezwe hatua kwa hatua, na kila mara kani iandikwe. Kisha jaribio lirudiwe kwa kipande chenye nusu ya eneo, na tena kwenye sakafu iliyomwagiwa maji. Wanafunzi wachore grafu ya kani dhidi ya mzigo. Amontons angetarajia mstari mnyoofu, na mstari huohuo kwa maeneo yote mawili. Darasa lijadili ni wapi mpira wao ulikubaliana naye, na ni wapi ulimkataa.