"MBUZI HALI HILI UA": KABLA HUJAANDIKA HIVYO, SOMA HAPA



Huku kwetu Tarime na Serengeti kuna neno linauza sana: "Mbuzi hali." Mteja anataka ua la fensi, ana ng'ombe, ana mbuzi, ana mbwa wa kulinda zizi. Ukimwambia mbuzi hali, anatuma hela hapohapo. Mimi nikiambiwa hivyo na muuza miche wa jumla, nauliza: kwa nini hali? Mengine yana miiba tu, sawa. Lakini mengi yana sumu. Na kiangazi nyasi zikiisha, mbuzi huyohuyo anajaribu. Ndama na mtoto wa mbwa hawasubiri hata kiangazi.

Haya ndiyo ya kuwa nayo makini:

1. Oleanda. Maua mazuri ya pinki au meupe. Sumu yake inapiga moyo, kwa mbuzi, ng'ombe, mbwa, hata mtu. Majani yakikauka sumu bado ipo.

2. Sago, kale kama kamnazi kafupi. Mbegu ndiyo hatari zaidi. Mbwa akitafuna, ini linaharibika.

3. Difenbakia ya sebuleni. Mdomo unavimba, mate yanachuruzika.

4. Lili. Paka akilamba hata unga wa ua ulioganda kwenye manyoya, figo zinaweza kufa.

5. Minyaa. Utomvu ukiingia machoni, ni balaa kwa mnyama na kwa wewe unayekata vipando.

6. Lantana. Inaharibu ini la ng'ombe na mbuzi, ngozi inaungua kwa jua. Hili pia linatoroka bustanini. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta mimea ya kigeni 245 kwenye ikolojia ya Serengeti na Mara, na 212 kati yake ililetwa na watu kwa makusudi. Lantana ilitajwa kati ya zile hatari zaidi kwa mifugo na wanyamapori. Mimi siiuzi.

Sasa tunauzaje?

Kabla ya kupokea hela, uliza swali moja: "Boss, nyumbani mnafuga nini?" Anayefuga, mpe waridi, spaida au areka. Mbuzi akila waridi, hasara ni ya ua tu.

Kwenye tangazo andika wazi: "Lina sumu, liwe mbali na mifugo na watoto." Rudia kwa sauti kwenye WhatsApp, maana wengi hawasomi maelezo, wanaangalia picha na bei.

Mwambie pia kuhusu matawi anayopunguza. Watu wanayatupa nje ya fensi, mbuzi wa jirani wanapita. Hapo ua lako limeleta kesi ya watu wawili. Achimbe shimo ayafukie.

Mteja akikupigia kwamba mnyama amekula, usianze kujitetea. Mwambie atoe mabaki mdomoni, asimlazimishe maziwa wala kumtapisha, ampigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, na atunze jani la kuonyesha. Wewe mtumie jina kamili la ua ulilomuuzia, daktari atalihitaji.

Utapoteza mteja mmoja mmoja kwa kusema ukweli, ni kawaida. Ila mbuzi mmoja huku ni ada ya mtoto. Aliyempoteza kwa ua lako atalitaja jina la duka lako kuanzia Sirari mpaka Mugumu, na tangazo hilo hulipii wewe.

Wewe unauza ua gani kati ya haya? Pitia matangazo yako leo, urekebishe.