Farasi wa Mreno na Adui Asiyeonekana

Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya kusini hadi Tiwi, utaona ng'ombe, mbuzi na punda. Ukiteremka ufuoni Diani, huenda ukakutana na ngamia aliyebeba watalii. Lakini farasi hutamwona kwa urahisi. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini? Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na kufurushwa mwaka 1698, ni watu wa farasi tangu jadi.

Kwao Ureno, katika bonde la mto Côa, kuna miamba iliyochorwa farasi zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Warumi walipoitawala nchi hiyo waliiita Lusitania, na hapo ndipo lilipotoka jina la farasi wao mashuhuri, Lusitano. Huyu ni farasi mwenye shingo nene na mwepesi wa kugeuka, aliyefugwa kwa ajili ya vita na michezo ya fahali. Mwaka 1748, wakati wa Mfalme João wa Tano, lilianzishwa shamba la kuzalisha farasi huko Alter do Chão, nalo lingali lipo hadi leo.

Basi mwaka 1569 Francisco Barreto aliondoka Lisbon na jeshi, akiutafuta dhahabu ya Mwenemutapa. Walipofika Sena, kando ya mto Zambezi, farasi wakaanza kufa na askari wakashikwa na homa. Wareno hawakujua sababu. Wakawashuku wafanyabiashara Waislamu wa huko, ndugu zetu wa mwambao, kwamba wametia sumu. Wengi wao waliuawa kikatili. Hata hivyo Barreto hakuyafikia machimbo. Alifia huko huko Sena mwaka 1573.

Je, muuaji alikuwa nani? Wataalamu wa leo wanamshuku mbung'o. Mwaka 1895 daktari Mwingereza, David Bruce, aligundua huko Zululand kwamba mdudu huyu hubeba vijidudu viitwavyo tripanosoma. Nyati na wanyama wengine wa mwituni hukaa navyo bila kudhurika, lakini farasi hudhoofika na kufa. Aidha kuna maradhi mengine ya farasi, yanayoenezwa na visubi, ambayo huweza kumuua kwa siku chache tu.

Mbung'o huyo ni jirani yetu. Makao yake yamo katika misitu ya Shimba Hills, juu kidogo ya Tiwi, na wafugaji wa Kwale wanamjua vyema. Ndiyo sababu mojawapo farasi hakupata makao mwambao huu kama punda.

Msomaji, watu wa Sena waliuawa kwa kosa la mdudu. Siku mnyama wako atakapokufa ghafla, mwite daktari wa mifugo kabla hujalitaja jina la jirani.