Nguvu ya mama haitoki kwenye kidonge

Wamama wenye kuanza kubeba koltani huku Rubaya wanashauriwa kumeza deksametazoni ili wanenepe na wapate nguvu. Sisi wa sendika tunakataa. Hiyo ni dawa ya ugonjwa. Ukiimeza siku nyingi bila muganga, inavimbisha uso, inapandisha sukari, inalegeza misuli na mifupa.

Nguvu inakuja pole pole: anza na mzigo mwepesi, ongeza kilo kidogo kidogo kila wiki, pumzika. Kula maharagi, ndagala, sombe, maziwa. Ukisikia kizunguzungu, nenda kituo cha afya wapime damu. Ikipungua, watakupa vidonge vya chuma. Mwenye kuzoea deksametazoni asiiache ghafla, aone muganga kwanza.

Na nyinyi wenye mashimo, tunawaomba: mama mupya asipewe gunia lenye kujaa.